Je, wajua kwa nini picha kali kuliko zote huachwa nje ya kitabu cha picha?

Mpiga picha anayeshinda Feri, pale soko la samaki Kivukoni, Dar es Salaam, hakosi picha kali. Kuna mnada wa alfajiri, magamba yanaruka, kunguru wanavizia utumbo, na pantoni ya Kigamboni inamwaga watu. Akiganda pale mwaka mzima, kompyuta yake itajaa maelfu ya picha. Shughuli huanza siku anaposema sasa anataka kitabu. Mara nyingi ile picha iliyosifiwa kuliko zote ndiyo inayoondolewa mapema, na wenzake hubaki kumshangaa.

Sababu ni kwamba ndani ya kitabu picha haisomwi peke yake. Msomaji anafunua ukurasa akiwa bado na picha iliyopita kichwani. Mfano ninaoupenda umo kwenye The Americans, kitabu cha Robert Frank, mpiga picha Mswisi aliyeanza kuizunguka Marekani mwaka 1955 kwa ruzuku ya wakfu wa Guggenheim. Alimaliza mikanda ya filamu 767, yaani picha kama 27,000. Akasafisha kama 1,000, akazibandika ukutani na kuzitandaza sakafuni, na kitabu kilipotoka Paris mwaka 1958 kilibeba picha 83 tu. Mojawapo ni ya gari lililoegeshwa katikati ya mitende, limefunikwa gubigubi. Ukiikuta peke yake utaipita. Lakini picha inayofuata ni ya watu waliosimama kando ya barabara, na mbele yao kuna mwili wa mtu aliyekufa ajalini, nao umefunikwa. Hapo unarudi kwenye lile gari na kuliona kwa jicho jingine kabisa.

Sasa tuseme huyu wa Feri ana picha ya mchuuzi aliyejitwika tenga, jua linachomoza mgongoni pake. Nzuri hasa. Anaiweka kushoto, na kulia anaweka mkono wa dalali unaohesabu noti zilizoloa. Jua linameza kila kitu, mkono hauonekani. Anaitoa, na mahali pake anaweka picha ya kawaida tu: mama muuza samaki wa kukaanga amesimama pembeni ya mnada, kiganja amekifumba. Alichoshika hakionekani, ila kwa ule mkono wa dalali tunajua ni pesa, na tunahisi anapiga hesabu kama zitamtosha. Ile ya jua haikuwa mbaya. Ilipiga kelele mno, na kusema kweli tumeshaiona kwenye kalenda nyingi.

Kazi hii ni ngumu kuifanya kwenye skrini. Ni bora kwenda studio kusafisha picha ndogondogo za bei rahisi, kuzimwaga sakafuni na kuzihamishahamisha kwa wiki kadhaa. Picha mbili zinazosema jambo moja, moja inatoka. Kisha unakunja karatasi na kugundisha kitabu cha mfano, maana mkunjo wa katikati hula picha: ukitandaza picha moja kwenye kurasa mbili na uso wa mtu ukaangukia hapo, umeupoteza.

Halafu kuna hesabu za mchapaji, na huyu hana huruma. Karatasi kubwa ya mtambo ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 96 ni mikunjo sita kamili ya namna hiyo. Ukiongeza picha mbili kwa sababu tu inakuuma kuziacha, huenda ukalipia mkunjo mwingine mzima wa kurasa 16.

Na kinachomuuma mpiga picha mara nyingi hakimo ndani ya picha. Anakumbuka aliamka saa tisa usiku, mvuvi mmoja akamtukana kwa kumpiga picha bila ruhusa (na haki yake mvuvi), mvua ikaloesha kamera. Msomaji hayajui hayo wala hayamhusu. Ndiyo maana anahitajika mhariri, au hata rafiki wa Mbagala asiyejua lolote kuhusu kamera. Mpe kitabu cha mfano, usimweleze kitu, na usimuulize kama kizuri, kwa sababu atakusifu tu. Angalia vidole vyake. Akirudi nyuma ukurasa mmoja, ile jozi imeshika. Akifunua kurasa kwa haraka bila kutua, weka alama hapo kwa penseli.