"Si alikiri mwenyewe?" Yanayosemwa kuhusu Iwao Hakamada

Kesi ya Iwao Hakamada wa Japani ikizungumzwa, hukosi mtu wa kusema "lisemwalo lipo". Usiku wa kuamkia 30 Juni 1966, nyumba ya mkurugenzi wa kiwanda cha miso, kile kikolezo cha soya iliyochachushwa, iliungua katika mji wa Shimizu, mkoa wa Shizuoka. Ndani zilikutwa maiti nne: baba, mama na watoto wao wawili, wote wamechomwa visu. Hakamada, bondia wa zamani aliyekuwa akifanya kazi na kulala kiwandani hapo, alikamatwa Agosti mwaka huohuo na akahukumiwa kunyongwa mwaka 1968. Alisafishwa jina 26 Septemba 2024, akiwa na miaka 88. Hata baada ya hapo maneno hayajaisha.

"Asiye na kosa hawezi kukiri kuua watu wanne"

Alikana kwa siku 19. Siku ya 20 akakiri. Polisi wa Japani wanaweza kukaa na mtuhumiwa hadi siku 23 kabla hajafunguliwa mashtaka, kwa hiyo walikuwa wamebakiwa na siku za kuhesabu. Walimhoji kwa wastani wa saa 12 kwa siku, bila wakili chumbani. Kanda za mahojiano hayo zilikaa kwenye ghala la polisi kwa karibu nusu karne. Zilipotoka, alisikika akiomba kwenda haja ndogo, na wahoji wakamletea chombo humohumo ndani.

Mbele ya mahakama alikana tena, na hakuacha kukana. Maelezo ya kukiri yaliyopelekwa mahakamani yalikuwa 45. Majaji waliyakataa 44 kwa sababu ya jinsi yalivyopatikana, wakabaki na moja, lililoandikwa na mwendesha mashtaka badala ya polisi. Mtu yuleyule, mateso yaleyale, ila kalamu ni ya ofisi nyingine! Mpaka leo sijui wanasheria wanalielezaje hili kwa wanafunzi wao.

Shika jambo moja hapa: katika kukiri kwake, Hakamada anasema aliua akiwa amevaa pajama.

"Sawa, lakini nguo zenye damu zilipatikana"

Zilipatikana, tena kwa wingi: vipande vitano, kuanzia suruali hadi chupi, ndani ya gunia lililozama katika tangi la miso kiwandani. Tarehe ilikuwa 31 Agosti 1967, mwaka mmoja na miezi miwili baada ya mauaji, kesi ikiwa tayari inaendelea. Kiwanda kilikuwa kimeshapekuliwa siku chache tu baada ya moto. Upande wa mashtaka haukuona haya. Pajama zikawekwa kando, ikawa sasa muuaji alivaa hizi. Muda si mrefu, nyumbani kwa wazazi wake kikaonekana kipande cha kitambaa kinacholingana na suruali ile.

Katika rufaa Hakamada alitakiwa kuivaa mbele ya majaji. Ikagoma mapajani. Akajaribishwa mara tatu kwa miaka tofauti, na mara zote tatu ikagoma. Maelezo ya mashtaka yakawa kwamba suruali ilisinyaa kwa kulowa, na yeye amenenepa gerezani, na kwamba herufi B kwenye lebo ilikuwa alama ya saizi ya mtu mnene. Nyaraka zilizokuja kutolewa miaka mingi baadaye zilionyesha kuwa mtengenezaji alikwisha waambia polisi maana ya B: ni rangi ya kitambaa. Walijua, wakanyamaza.

Kilichoivunja kesi hatimaye ni rangi ya damu. Madoa kwenye nguo zile yalikuwa bado na wekundu. Wafuasi wake walichukua vitambaa, wakavitia damu, wakavizika ndani ya miso, wakasubiri kama mama jikoni anavyosubiri achari iive. Damu ikageuka kahawia, kisha ikaelekea weusi. Wataalamu wakaeleza kuwa chumvi na asidi ya miso huiharibu chembe inayoipa damu wekundu wake. Nguo zilizolala humo zaidi ya mwaka zisingeweza kutoka nyekundu. Zilitiwa humo karibu na siku ya kuonekana, na wakati huo Hakamada alikuwa mahabusu.

Mahakama ya Wilaya ya Shizuoka ilisema wazi mwaka 2024 kwamba vitu vitatu vilitengenezwa na wapelelezi: maelezo ya kukiri, nguo tano, na kile kipande cha kitambaa. Kwa lugha ya mtaani, alibambikiwa.

"Majaji wote hao hawawezi kukosea"

Hawakuwa wote. Waliomhukumu 1968 walikuwa watatu, na mmoja wao, Norimichi Kumamoto, hakuamini kuwa ameua. Wenzake wawili wakamshinda kwa kura, na kwa kuwa zamu ya kuandika ilikuwa yake, akaandika kwa mkono wake hukumu ya kumnyonga mtu aliyemwona hana hatia. Baadaye akaacha ujaji. Alifunga mdomo mpaka 2007, alipojitokeza hadharani na kusema.

"Angekuwa safi angetoka mapema"

Ombi la kwanza la kesi kusikilizwa upya liliwekwa 1981, likakataliwa kwa mara ya mwisho 2008. La pili likapelekwa na dada yake mkubwa, Hideko, mwaka huohuo. Mwaka 2014 mahakama ikakubali na kumtoa gerezani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Tokyo ikatengua, 2020 Mahakama ya Juu ya nchi ikalirudisha, na 2023 likakubaliwa tena. Sheria iliwaruhusu waendesha mashtaka kukata rufaa hata dhidi ya uamuzi wa kusikiliza upya, wala haikuwalazimu kutoa ushahidi waliokalia.

"Si ameshalipwa?"

Machi 2025 aliamuliwa kulipwa zaidi ya yeni milioni 217, takriban yeni 12,500 kwa kila siku aliyofungiwa. Siku hizo ni za karibu miaka 48. Nchini Japani, anayesubiri kunyongwa huambiwa asubuhi ileile ya kunyongwa, kwa hiyo kwa miongo mitatu na ushei kila alfajiri alisikiliza hatua za walinzi koridoni, zinapita au zinasimama. Akili ilichoka zamani. Kuna miaka ambayo alikataa hata kumwona Hideko, naye alikwenda gerezani vilevile na kurudi bila kumwona.

Alipotoka, dada huyo akamchukua kwake Hamamatsu. Kesi iliposikilizwa upya, mahakama ilimsamehe kuhudhuria kwa sababu ya hali yake. Siku ya hukumu, mahali pa mshtakiwa alikaa Hideko, miaka 91, na yeye ndiye aliyesikia jaji akitamka kuwa Iwao hana hatia.