Leseni ni huria, seva ina serikali

Wengi wakisikia "programu huria" hudhani ukishabandika leseni ya GPL (inayoruhusu yeyote kutumia, kubadili na kusambaza programu) kazi imekwisha: yeyote, popote, apakue. Leseni haina neno. Lakini seva ni chuma kilichomo kwenye chumba cha nchi fulani, na sheria ya nchi hiyo ndiyo inayokitawala.

Mfano wangu wa siku zote ni Debian, mfumo endeshi huria wa aina ya Linux. Ukifungua faili ya sources.list (orodha ya maghala ambako mashine inachukua programu) ya mashine ya mwaka 2000, chini ya ghala kuu unaweza kukuta mstari wa pili unaoelekeza non-us.debian.org. Seva hiyo ilikuwa Uholanzi, na humo ndimo zilimokaa programu za usimbaji fiche, yaani za kuficha ujumbe usisomwe na asiyehusika, kama SSH ya kuingilia kompyuta ya mbali kwa usalama. Marekani iliuhesabu usimbaji wenye nguvu kuwa silaha. Hata ulipohamishiwa Wizara ya Biashara mwaka 1996, kuutoa nje bado kulitaka kibali.

Kilichokatazwa ni kutoa, si kuingiza. Mtu wa Chicago aliweza kupakua SSH kutoka Uholanzi bila kosa lolote. Ila kifurushi kikishatua kwake, kukirudisha nje, hata kwa kusahihisha herufi moja, kulihesabika kuwa usafirishaji. Ni dema: samaki anaingia, hatoki. Kwa hiyo nakala za ghala hilo hazikuwekwa kwenye seva za Marekani. Hata CD ya kwanza ya Debian 2.2 ilitoka kwa namna mbili, moja ikiwa na vifurushi hivyo na nyingine bila. Januari 2000 masharti yalilegezwa, na katika Debian 3.0, Julai 2002, usimbaji ukaingia ghala kuu.

OpenBSD, mfumo endeshi mwingine huria, hawakuhitaji ghala la pili. Mradi wao ulikaa Calgary, Kanada, na msimbo wa usimbaji uliandikwa nje ya Marekani. OpenSSH, SSH huria unayoitumia leo, ilizaliwa huko mwaka 1999.

Usidhani hayo yamepita. Ukitaka kutazama DVD kwenye Debian, unasakinisha libdvd-pkg, ambayo ndani haina maktaba yenyewe ya kufungua kufuli la DVD. Inakwenda kuchukua msimbo wa maktaba hiyo, libdvdcss, kwa mradi wa VideoLAN, Ufaransa, kisha inaujenga hapo hapo kwenye mashine yako. Sheria ya Marekani ya 1998, DMCA, inabana kusambaza zana za kufungua kufuli za aina hiyo. Debian hawakukupa kitu, wamekuonyesha mlango tu. (Ujanja huo naupenda, nakiri.)

Vikwazo vya kiuchumi navyo hutazama alipo mtumiaji. Mwaka 2019 GitHub, kampuni ya Marekani inayohifadhi msimbo wa programu, ilifunga hazina za faragha za watumiaji walioko Iran, Syria na Crimea; wa Iran walifunguliwa 2021, baada ya kampuni kupata kibali cha serikali ya Marekani.

Ndiyo maana kila mradi ninaoutunza una nakala kamili ya git (msimbo pamoja na historia yake) kwenye seva ya nchi ya pili, na jina la kikoa nimelisajili kwa msajili aliye nje ya nchi ilipo seva ya kwanza.