"Kabebwa!" Au Ni Hesabu Tu? Tuelewane Kuhusu Handikapu ya Gofu

Mwangaluka ndugu zangu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa yote. Mimi ni yule mtu wa mashindano anayekaa mezani na kalkuleta wakati nyie mnakunywa soda mkisubiri matokeo, na leo naandika kwa sababu ya neno moja ambalo nimelisikia mpaka limenichosha. Neno lenyewe ni "kabebwa".

Ilikuwa hivi. Shindano la kawaida tu la mwisho wa mwezi, mashimo 18, mshindi kwa neti, yaani mikwaju uliyopiga ukitoa handikapu yako. Kikombe kikachukuliwa na mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya injini za mitumbwi pale Kirumba, kapiga mikwaju 89. Wa pili kaka mmoja fundi kwelikweli, kapiga 76. Sasa mtu ambaye hajui gofu akisikia 89 kaishinda 76, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndo bora, anashangaa. Ila hata huyo kaka anayejua alikuja mezani uso umekunjamana, "Mwalimu, huyu mzee mmembeba." Nikamwambia kaa hapo kaka, vuta kiti, tupige hesabu pamoja.

Handikapu sio huruma wala sio zawadi ya kumfurahisha mtu mbovu. Ni namba inayosema wewe ukiwa kwenye siku yako nzuri unaweza kupiga nini. Tangu mwaka 2020 dunia inatumia mfumo mmoja uliotengenezwa na R&A pamoja na USGA, vyama viwili vinavyosimamia sheria za gofu duniani, kabla ya hapo kulikuwa na mifumo 6 tofauti na mtu akitoka nchi moja kwenda nyingine namba yake ilikuwa inaleta ubishi. Namba ya msingi inaitwa indeksi. Inapatikana kwa kuchukua matokeo ya raundi zako 20 za mwisho, yakishapimwa na ugumu wa uwanja (hesabu yake naionyesha chini), unachagua 8 bora, unatafuta wastani wa hizo 8, basi. Zile 12 zingine zinakaa pale kama wachezaji wa akiba. Ndo maana siku nyingi hutaifikia handikapu yako, na mtu akikwambia "mimi kila siku nacheza handikapu yangu" mwangalie vizuri huyo, kuna kitu.

Mgeni kabisa hahitaji raundi 20 kuanza. Akileta mashimo 54, yaani kadi tatu za mashimo 18, anapewa indeksi: tunachukua matokeo yake bora kati ya hizo tatu, yakishapimwa hivyohivyo, halafu tunapunguza 2. Kiwango cha juu kabisa ni 54.0 kwa wote, wanaume kwa wanawake, kwa hiyo wewe unayesema "mi bado mbovu siwezi kuingia mashindano" huna kisingizio.

Sasa kuna kitu watu hawakielewi kabisa, slopu. Kila uwanja uliopimwa una namba mbili. Moja ni reti, mikwaju ambayo mchezaji fundi wa handikapu sifuri anatarajiwa kupiga pale. Nyingine ndo slopu, inaanzia 55 mpaka 155 na uwanja wa kawaida ni 113. Chukua mitumbwi miwili inaenda Ukerewe, mmoja wa injini mwingine wa kasia. Ziwa likitulia wote wanafika, wa kasia anachelewa tu kidogo. Ziwa likichafuka wa injini anapata shida, lakini wa kasia ndo anateseka hasa, kile kipengo kati yao kinakuwa kikubwa zaidi. Slopu inapima hicho kipengo, sio ugumu wa uwanja kwa fundi, ni jinsi gani ugumu ule unamuumiza zaidi mchezaji wa kawaida kuliko fundi.

Haya turudi kwa mzee wa vipuri. Indeksi yake ilikuwa 18.4. Uwanja ule pari 72 (jumla ya mikwaju iliyopangiwa mashimo yote 18), reti 71.2, slopu 124. Unachukua 18.4 unazidisha kwa 124 unagawanya kwa 113, inakuja 20.19. Halafu unaongeza reti ukitoa pari, ambayo hapa ni hasi 0.8, unabaki na 19.39. Hiyo ndo handikapu yake ya uwanja, 19. Ila hatujamaliza, shindano la mikwaju la mtu mmojammoja linakupa asilimia 95 tu ya hiyo handikapu, kwa hiyo 19.39 mara 0.95 ni 18.42, anacheza na 18. Kaka yetu indeksi yake 5.0, ukipita njia hiyohiyo unapata 4. Mzee 89 toa 18 ni 71. Kaka 76 toa 4 ni 72. Mkwaju mmoja.

Kaka akanyamaza kidogo akasema sawa, lakini kwa nini mzee apewe 18? Swali zuri. Geuza hesabu uone siku ile kila mtu alicheza vipi ukilinganisha na nafsi yake mwenyewe. Unachukua mikwaju unatoa reti, unazidisha kwa 113 unagawanya kwa slopu. Ya mzee inatoka 16.2, yaani ni bora kuliko indeksi yake kwa zaidi ya 2. Ya kaka inatoka 4.4, ni bora kuliko yake kwa 0.6. Wote walicheza vizuri, mzee ndo alijizidi mwenyewe zaidi. Na ile 16.2 haipotei, inaingia kwenye rekodi yake, indeksi inashuka, mwezi ujao ana mikwaju michache. Kikombe amelipia.

(Na upepo wa ziwa wa mchana je? Mfumo nao unauangalia. Siku ambayo wengi wamepiga vibaya kuliko kawaida, au wengi wamepiga vizuri mno, kompyuta inarekebisha matokeo ya siku hiyo kuanzia hasi 1 mpaka 3. Wewe hufanyi chochote.)

Kuna swali lingine linarudi kila semina: "Mwalimu, mimi shimo la saba nilipiga 11, si nimeharibu handikapu yangu yote?" Hapana. Kwenye shindano la mikwaju 11 ni 11, unaiandika hivyohivyo wala usijaribu ujanja. Ila kwa ajili ya handikapu kila shimo lina dari: pari, jumlisha 2, jumlisha mikwaju ya handikapu unayopewa kwenye shimo lile. Kama ni pari 4 na unapewa mkwaju mmoja, dari ni 7. Ile 11 inahesabiwa 7. Kwa wanaoanza mimi nashauri Stableford kuliko mikwaju, mfumo ulioletwa na daktari Frank Stableford kule Uingereza, shindano lake la Wallasey lilichezwa mwaka 1932. Pari kwa neti ni pointi 2, ukizidi kwa mkwaju mmoja pointi 1, ukipunguza mmoja pointi 3, na ukiharibu kabisa ni sifuri unaokota mpira unaenda shimo lijalo. Inaokoa muda na inaokoa roho za watu.

Tugusie sheria kidogo maana huku kwetu kuna mambo yake. Mawe kwanza. Kokoto au jiwe ambalo halijashikamana na ardhi unaruhusiwa kulitoa bure, hata likiwa kubwa, hata ukiita watu wakusaidie. Mwaka 1999 kwenye Phoenix Open kule Marekani Tiger Woods mpira wake ulisimama nyuma ya jiwe zito, mwamuzi akasema halijashikamana, mashabiki wakalisukuma likatoka. Sasa Mwanza hapa mtu akasikia hadithi hiyo akaniuliza kuhusu mwamba, nikamwambia hata ukiita Kirumba yote Jiwe la Bismarck, ule mwamba wetu maarufu wa ziwani, halisogei. Mwamba ulioota ardhini hauna nafuu ya bure. Unatangaza mpira haupigiki, unaongeza mkwaju mmoja, unachagua moja ya njia tatu: kurudi ulipopiga mwanzo, kurudi nyuma kwa mstari wa shimo na mpira, au kusogea pembeni ndani ya urefu wa fimbo mbili.

Maji yakiwa na alama nyekundu ni mkwaju mmoja wa adhabu, na unadondosha pembeni ya pale mpira ulipovukia mstari, fimbo mbili, usisogee karibu na shimo. Unadondosha kutoka usawa wa goti. Wazee wangu bado wanadondosha kutoka begani, hiyo ilifutwa 2019. Mwaka huohuo muda wa kutafuta mpira ulipunguzwa kutoka dakika 5 mpaka 3, na kedi wako, anayekubebea fimbo, akianza kutafuta saa nayo imeanza.

Wanyama. Kunguru au tumbiri akibeba mpira uliokuwa umesimama na mna uhakika ni yeye, unarudisha mpira pale ulipokuwa, hamna adhabu. Ukikuta nyoka au nyuki karibu na mpira huna haja ya kuwa shujaa, sheria inakupa nafuu ya bure kutoka mnyama hatari, unasogea mpaka penye usalama. Ila ukiwa ndani ya eneo la adhabu la maji, nafuu ya bure ni ndani ya eneo hilohilo, ukitaka kutoka nje unalipa mkwaju wako kama wengine. Mamba hakubadilishii hesabu.

Kadi sasa, na hapa naomba tukae kidogo. Fimbo zisizidi 14 kila mtu anajua, lakini kadi inaua watu wengi kuliko fimbo. Mimi mwenyewe iliniua. Miaka iliyopita kwenye klabu moja sitaitaja, nilikuwa naongoza, mwenzangu aliyekuwa ananiandikia aliweka 4 kwenye shimo nililopiga 5. Mimi na furaha zangu sikusoma, nikasaini, nikapeleka. Jioni mwenyewe nikakumbuka lile pigo la pili nililolikosa mchangani, nikaenda kusema. Nje. Sheria inasema ukirudisha kadi yenye namba ndogo kuliko uliyopiga kwenye shimo, umeondolewa. Ikiwa kubwa kuliko uliyopiga, inabaki hivyo hivyo, umejiibia. Kujumlisha sio kazi yako, na tangu 2023 hata kuandika handikapu kwenye kadi sio kazi yako, ni ya kamati. Wewe kazi yako namba ya kila shimo iwe ya kweli na saini mbili ziwepo. Soma shimo kwa shimo na mwenzako, kwa sauti, kabla hujaenda kukaa kivulini.

Kuna wale wanaoficha makucha, wanapiga vibaya makusudi siku za kawaida ili indeksi ipande wakavune kikombe. Mfumo una mitego yake: ukileta matokeo bora kuliko indeksi yako kwa 7.0 inakatwa moja zaidi papohapo, ukifika 10.0 inakatwa mbili. Na indeksi haiwezi kupanda zaidi ya 5.0 juu ya ile ya chini kabisa uliyowahi kuwa nayo ndani ya mwaka. Kamati nayo inaweza kukukata yenyewe ikiona mchezo. Mzee wa vipuri tulimkagua, kadi zake zote 20 zipo, nyingine aibu tupu, mikwaju 104, 107, zote kaleta.

Halafu kuna kundi la pili ambalo halisemwi, wanaoficha kadi mbovu ili indeksi ionekane ndogo wapate sifa. Wanadhani hawamuibii mtu. Lakini kadi mbovu ina kazi yake, ikiingia inaisukuma ya zamani kabisa itoke kwenye zile 20, na kama ile ya zamani ilikuwa moja ya zako 8 bora, indeksi inapanda inavyotakiwa.

Ndo tukafungua rekodi ya kaka yetu. Nikamuuliza zile raundi tatu za mwezi uliopita mlizocheza siku za wiki, nikakuona mwenyewe na kadi mkononi, ziko wapi? Akacheka, akainama kwenye begi akazitoa zimejikunja, 84, 86, 83, zimesainiwa na wenzake, hazikuwahi kufika ofisini. "Mwalimu, nizilete watu waone nimepiga 86?" Tukaziingiza palepale. Raundi tatu za zamani zikatoka, mbili zilikuwa kwenye zile 8 bora zake, indeksi ikasoma 6.2. Kwa uwanja ule 6.2 inakupa mikwaju 6. Akachukua kalamu yeye mwenyewe akaandika nyuma ya kadi, 76 toa 6, akaangalia ile 70 muda mrefu, halafu akaangalia upande wa mzee ambaye alikuwa keshakifunga kikombe kwenye keria ya bodaboda anaondoka nacho Kirumba.