Faida ya gari huliwa na muda: hesabu ya kununua na kuuza magari yaliyotumika Kampala

Watu wengi wanaotaka kuingia katika biashara ya kununua magari yaliyotumika na kuyauza tena huniuliza kwanza ni gari gani lenye faida kubwa. Mimi huwauliza gari hilo litakaa mikononi mwao kwa muda gani kabla ya kupata mnunuzi. Kwa miaka niliyofanya kazi hii Kampala nimeona wafanyabiashara wenye jicho zuri, wanaonunua kwa bei nzuri na kujua injini kwa sauti, wakifilisika kwa sababu waliitazama tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza wakaiita faida. Tofauti hiyo bado si faida. Ni fungu ambalo gharama zitaanza kulimega tangu siku ulipokabidhiwa ufunguo.

Chukua mfano. Tuseme umenunua Toyota Premio iliyotumika hapa nchini kwa shilingi milioni 30 na unatarajia kuiuza kwa milioni 33. Matairi mawili yamekwisha na betri imechoka, kwa hiyo unatoa shilingi 750,000. Oili, chujio na breki vinachukua 300,000. Dalali aliyekuletea gari na yule atakayemleta mnunuzi wanagawana 600,000. Kuoshwa, kuegeshwa, na mafuta ya kulizungusha kwa wateja wanaotaka kulijaribu ni 150,000. Katika ile milioni tatu imebaki milioni moja na laki mbili. Sasa, ikiwa mtaji wako ni wa mkopo wenye riba ya asilimia 2 kwa mwezi, kila mwezi gari linapolala unalipa 600,000, na baada ya miezi miwili umefanya kazi bure. Ukiliuza katika wiki ya pili, bado una kitu cha maana mkononi. Gari ni lilelile na bei ni ileile. Kilichobadilika ni muda tu.

Ndiyo maana ninapochagua gari huanza na mnunuzi. Toyota Premio, Wish, Noah, Spacio na Passo, pamoja na Subaru Forester kwa vijana wanaopenda mwendo, ni magari ambayo mteja hahitaji kushawishiwa. Anajua kwamba vipuri vyake vinapatikana katika soko la Kisekka, kwamba makanika wa Masaka au Mbale ameyafungua mara nyingi, na kwamba yeye mwenyewe ataweza kuliuza akikwama. Gari la kifahari la Ulaya lenye umri wa miaka kumi na mbili linaweza kukupa tofauti kubwa zaidi kwenye karatasi, lakini wanaolitaka ni wachache, na walio wengi kati ya hao wachache wanaogopa bei ya vipuri vyake. Mimi siligusi kama mteja wake hajulikani tayari.

Anayeagiza gari kutoka nje ana hesabu nyingine, na hapo makosa huwa makubwa zaidi kwa sababu pesa nyingi hutoka kabla gari halijaonekana. Magari yetu mengi hutoka Japani, ambako watu huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na ambako ukaguzi wa lazima wa serikali, unaofanywa miaka mitatu baada ya gari jipya kusajiliwa na kisha kila miaka miwili, huwafanya wengi waliache gari mapema. Gari huteremshwa Mombasa, au wakati mwingine Dar es Salaam; la Mombasa hupita mpakani Malaba au Busia hadi Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Likichelewa bandarini baada ya siku zisizotozwa kuisha, ada ya kuhifadhi huanza kuhesabiwa kwa siku, na hapo tena muda unakula.

Kodi hukokotolewa kwa thamani ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini. Thamani hiyo si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye ankara yako, kwa kuwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika na huitumia. Kwa thamani ya shilingi milioni 20, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 5. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, haitozwi kwa ile milioni 20 peke yake, bali kwa milioni 25 baada ya ushuru kuongezwa, kwa hiyo ni milioni 4.5. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni milioni 1.2, na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 ni 300,000. Jumla ni milioni 11, na bado hujagusa ada ya usajili, malipo ya wakala wa forodha wala dereva wa kulileta gari. Gari likiwa na umri mkubwa kuna pia tozo ya mazingira, ambayo yaweza kuushinda ushuru wa forodha wenyewe. Tangu mwaka 2018 sheria imekataza kabisa kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Hapo watu hupotea kwa kuhesabu mwaka wa kusajiliwa Japani mahali pa mwaka wa kutengenezwa. Aidha, viwango huweza kubadilika kila mwaka mpya wa fedha unapoanza tarehe 1 Julai, na gari lililonunuliwa Mei linaweza kukuta hesabu nyingine likifika.

Katika kodi hizo kuna mbili ambazo mfanyabiashara makini hazihesabu kama hasara moja kwa moja. Kodi ya zuio ni malipo ya awali ya kodi yako ya mapato: ukiwa na namba ya mlipakodi na ukiwasilisha taarifa zako, hupunguzwa katika unachodaiwa. Asiyewasilisha ameiacha kwa serikali. Kuhusu kodi ya ongezeko la thamani, biashara yenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 150 kwa mwaka inapaswa kujisajili, na magari matano tu ya milioni 31 kila moja yanakuvusha mpaka huo. Aliyesajiliwa hutoza kodi hiyo anapouza na kudai ile aliyolipa mpakani. Anayejificha huonekana nafuu mwanzoni, lakini siku atakapotaka mkopo wa benki kwa riba ya kawaida hatakuwa na hata ukurasa mmoja wa kuonyesha kwamba biashara yake ipo. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu vijana wengi hodari nimewaona wakirudi kwa wakopeshaji wa mtaani kwa kukosa karatasi tu.

Kuna wanaopunguza mzigo kwa kuacha gari katika bondi, zile ghala za forodha zilizotapakaa Nakawa na kando ya barabara ya Jinja, ambako kodi hulipwa mnunuzi anapopatikana. Ni njia nzuri kwa mwenye mtaji mdogo, maana pesa ya kodi hailali ndani ya gari. Ila ada ya bondi nayo ina saa yake.

Kwa gari la Japani, karatasi ninayoiamini kuliko picha ni ile ya mnada. Wakaguzi wa minada huliwekea gari daraja: 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 ni la kawaida lenye mikwaruzo, na herufi R humaanisha kwamba limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Daraja R si lazima likatishe tamaa, kwani mlango uliobadilishwa si sawa na chesisi iliyonyooshwa. Ubaya ni kulinunua R kwa bei ya 4 kwa sababu muuzaji wa kati hakukuonyesha karatasi. Karatasi hiyo huandika pia kilomita halisi, na nimeona magari mengi ambayo mita yake ilirudishwa nyuma baada ya kutoka mnadani. Yanayotoka Uingereza, na hata yale ya maeneo ya theluji ya Japani, huwa na kutu upande wa chini kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi. Ingia chini ya gari na tochi. Rangi ya juu haitakwambia lolote.

Hata gari lililokwisha kutumika hapa nchini huwa nalikagua kwa mpangilio ambao siuvunji hata muuzaji awe ndugu yangu. Nataka kuliwasha asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa hiyo nikikuta boneti tayari ina moto nashuku kwamba kuna moshi au mlio unaofichwa. Nalipandisha mlima wa Muyenga nikisikiliza giaboksi inavyobadilisha, hasa yale ya CVT, yaani giaboksi otomatiki isiyo na gia za hatua, ambayo hufa mapema yakiwekewa mafuta yasiyo yake. Injini za Toyota za D-4, zile za kunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, naziepuka zikiwa na umri mkubwa, kwa kuwa wateja wameshaonywa na makanika wao na gari litakaa. Natazama kama bolti za mabawa ya mbele zimewahi kuguswa na spana, kama raba za milango zina vumbi la rangi mpya, na kama mwaka uliochapishwa kwenye lebo ya mkanda wa kiti unakubaliana na umri wa gari. Namba ya chesisi naisoma kwenye chuma chenyewe, herufi kwa herufi, nikiilinganisha na logibuku, yaani hati ya usajili wa gari.

Na hapa kwenye nyaraka ndipo mtu anaweza kupoteza gari zima, si faida tu. Logibuku halisi mkononi mwa muuzaji haithibitishi kwamba gari halidaiwi. Tangu sheria ya mwaka 2019 kuhusu dhamana juu ya mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake katika daftari linalotunzwa na URSB, idara ya serikali ya huduma za usajili, na ni wajibu wako kulitafuta gari humo kabla ya kulipa. Uliza pia kuhusu faini za barabarani ambazo hazijalipwa, na kwa gari la bei kubwa lililotoka nje, hakikisha kupitia polisi kwamba halitafutwi na Interpol. Mwaka 2015 magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza yalipatikana hapa Kampala. Aliyenunua gari la wizi kwa nia njema hupoteza gari, kisha huanza kumtafuta aliyemuuzia.

Madalali wanasemwa vibaya, na sikubaliani na lawama zote. Dalali mzuri wa Nakawa anajua nani anataka nini wiki hii, na hilo ndilo linalofupisha muda. Tatizo ni mnyororo: mwenye gari anataka milioni 28, wa kwanza anaongeza moja, wa pili anaongeza moja na nusu, na gari linatangazwa kwa bei ambayo hakuna anayeilipa huku mwenyewe akishangaa kwa nini simu haipigwi. Mimi hukubaliana kamisheni wazi, na dalali akiniambia, “Mzee, niachie nipange mwenyewe bei ya juu,” naondoka.

Majira nayo yana nguvu. Januari na mwanzoni mwa Februari, shule zinapokaribia kufunguliwa, watu huuza magari ili kulipa ada, na mwenye pesa taslimu hununua vizuri. Novemba na Desemba kila mtu anataka kwenda kijijini kwa Krismasi akiwa na gari lake, na hapo huuzika hata lile lenye kasoro ndogo. Herufi za namba ya usajili nazo huvuta bei kuliko inavyostahili: gari lenye UBK huonekana jipya kuliko lenye UAX, ingawa huenda yote mawili yalitengenezwa mwaka mmoja na moja likachelewa tu kuingia nchini. Mwenye kulijua hilo hununua la UAX lililotunzwa, kisha humweleza mnunuzi kwa karatasi mkononi.

Unapouza, usikubali malipo ya awamu bila mkataba ulioshuhudiwa, na ubaki na logibuku hadi shilingi ya mwisho iingie. Pesa ikishakamilika, fanya kinyume chake kwa haraka: nenda na mnunuzi mkahamishe umiliki, kila mmoja na namba yake ya mlipakodi na kitambulisho, hata kama anasema atafanya mwenyewe wiki ijayo. Gari likigonga mtu Mbarara usiku likiwa bado kwa jina lako, polisi wataanza na wewe. Katika gharama za kila gari ninalonunua, ada ya uhamisho naiandika tangu siku ya kwanza, na mnunuzi akisitasita kuilipa naipunguza katika bei ili tuende pamoja asubuhi hiyohiyo.