Sukuma huuawa na mkono unaoichuma

Agosti iliyopita niliitwa Kayole kutazama sukuma wiki iliyokuwa "imegoma". Mama mwenye nyumba alikuwa ameipanda nyuma ya jikoni, mistari mitatu, na kwa miezi miwili ya kwanza hakuwa na haja ya kwenda kwa mama mboga. Sasa miche ilikuwa imesimama kama fimbo: shina refu tupu, na juu kabisa vijani vitatu au vinne visivyozidi kiganja cha mtoto. Alikuwa ameshaongeza samadi mara mbili na kunyunyizia dawa ya dukani.

"Mwalimu," akaniambia, "huu udongo umechoka."

Nikapiga magoti, nikapitisha kidole kwenye shina la mche mmoja. Kila jani linalochumwa huacha kovu, na kovu bichi hutofautiana na la zamani: lile bichi lina unyevu na rangi ya kijani kibichi, la zamani limekauka na kugeuka kijivu. Nilihesabu makovu mabichi matano kwenye mche ambao ulikuwa umebaki na majani manne. Udongo ni ule mweusi wa upande wa mashariki wa jiji, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, lakini yeye alikuwa ameulainisha vizuri kwa samadi. Haukuwa umechoka hata kidogo.

Nikamuuliza, "Mama, unachuma mara ngapi?"

"Kila baada ya siku mbili, kama kawaida."

Kawaida hiyo ndiyo iliyokuwa inaua mimea. Aprili na Mei, mvua ya masika ikinyesha na jua likitoka kati ya mvua na mvua, mche mzuri wa sukuma hapa Nairobi hunipa majani mawili mapya kwa wiki, wakati mwingine matatu. Kuanzia Juni hadi Agosti mambo hubadilika. Mawingu hufunika jiji asubuhi hadi mchana, baridi huingia, mvua hukatika, na mche uleule hutoa jani moja tu kwa wiki. Mama alikuwa bado anachuma kwa kasi ya Mei ilhali mimea imeshaingia mwendo wa Julai.

Ninaandika haya kwa sababu katika kazi yangu ya kuzunguka bustani za nyumbani, nimeona sukuma nyingi zaidi zikidhoofishwa na uchumaji kuliko wadudu na magonjwa yakiwekwa pamoja. Watu hujifunza kupanda, kisha wanadhani kuchuma hakuna la kujifunza. Kumbe kuchuma ndiyo kazi yenyewe ya kutunza mmea huu, kwa kuwa utachumwa mwaka mzima, pengine na zaidi, ilhali kupandwa unapandwa siku moja tu.

Jani ndilo jiko la mmea. Ndani yake mwanga wa jua hutumika kutengeneza sukari inayolisha mizizi, shina na majani machanga ya juu. Ukibakisha majani matatu madogo, sukari inayotengenezwa haitoshi hata kuikuza mizizi, na mizizi dhaifu haiwezi kuvuta maji na rutuba, hata umwage samadi gunia zima. Ndiyo maana mbolea haikumsaidia yule mama.

Kanuni yangu ni rahisi. Hesabu majani yaliyofunguka na kuzidi ukubwa wa kiganja chako. Yakiwa sita au pungufu, usiguse mche. Yakiwa manane, chuma mawili ya chini. Kile kitovu cha katikati, ambako majani machanga bado yamekunjana, kisiguswe kamwe. Najua yale ya juu ni laini na yanavutia, na kuna wanaoyapenda kwa sababu huiva haraka, lakini ukivunja kitovu umekata njia ya mmea kwenda juu.

Na namna ya kulitoa jani ina maana. Shika kikonyo karibu kabisa na shina, lisukume jani chini kisha livute kidogo kando. Utasikia "tap", nalo litatoka zima na kuacha kovu safi linalokauka siku hiyohiyo. Wengi hukata katikati ya kikonyo kwa kisu wakaacha kijiti kimening'inia. Kijiti hicho huoza, na pale kinapoozea ndipo maradhi yanapopata mlango. Ukivuta kwenda juu nako unachuna ganda la shina. Chini, daima chini.

Usichume majani yakiwa na umande. Asubuhi ni wakati mzuri, jani likiwa limejaa maji na linavunjika kwa urahisi, ila ngoja umande ukauke: saa mbili u nusu hivi wakati wa jua, hata saa nne katika zile asubuhi za Julai. Sababu ni ugonjwa uitwao kuoza kweusi, unaoletwa na bakteria. Utaujua hivi: ukingoni mwa jani panatokea doa la njano lenye umbo la herufi V, ncha ikielekea ndani, na mishipa ya jani iliyo ndani ya doa hilo imekuwa myeusi kana kwamba imechorwa kwa kalamu. Bakteria hao husafiri kwa maji. Mkono unaotoka kwenye jani bovu lenye umande ukaenda kwenye zima umepanda ugonjwa mstari mzima kwa dakika kumi. Hakuna dawa ya kuuponya. Mche wenye dalili hizo ung'oe, usiutupe kwenye mboji, na mahali hapo usipande sukuma, kabichi wala koliflawa kwa miaka miwili au mitatu. Panda kunde, vitunguu au mchicha.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuingiza ugonjwa huu nyumbani kwangu. Nilinunua miche arobaini iliyopendeza kwenye kitalu kimoja kando ya barabara, nikaipandikiza bila kuikagua vizuri, na baada ya wiki tano nilikuwa nimeng'oa zaidi ya nusu. Iliniuma sana, kwa maana hilo ndilo jambo ninalowafundisha wengine. Tangu hapo natia mbegu mwenyewe, na ninanunua zile za pakiti iliyofungwa, kwa sababu bakteria hawa hujificha hata ndani ya mbegu.

Kuhusu kupanda kwenyewe sitakaa sana. Aina zinazopatikana madukani ni nyingi. Ile iitwayo Collard hutoa majani mapana na laini, nayo Thousand Headed hutoa machipukizi mengi ya pembeni. Sia mbegu kwenye kitalu kidogo au kwenye trei, kina cha nusu sentimita. Baada ya wiki nne hadi sita, miche ikiwa na majani manne au matano halisi, ipandikize jioni au siku ya mawingu, nafasi ya sentimita 45 kila upande. Kila shimo tia konzi mbili za samadi iliyooza kabisa. Ukiichimba samadi na kukuta bado ina joto au inanuka mkojo, iache, itaunguza mizizi, na ile ya kuku ndiyo mbaya zaidi ikiwa mbichi.

Unahitaji miche mingapi? Hapa watu hukosea, wakapanda kumi kisha wakaikamua. Familia ya watu watano hupika kama majani 20 kwa mlo mmoja. Miche 30 ikitoa majani mawili kila wiki unapata majani 60, yaani milo mitatu. Kwa nafasi niliyotaja, miche hiyo inataka mita 6 za mraba, karibu nusu ya mahali pa kuegesha gari. Na Julai itakapofika na mavuno kupungua nusu, nunua tofauti hiyo kwa mama mboga, acha mimea ipumue.

Asiye na ardhi atumie gunia. Njia hii imeenea sana Kibera na Mathare, nami naiheshimu mno kwa sababu imelisha watu mahali ambapo hata njia ya kupita ni ya kugombania. Chukua mkebe mkubwa uliotolewa kitako, uusimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake na udongo uliochanganywa na samadi pembeni, kisha uuvute juu na kujaza tena hadi gunia lijae. Ile nguzo ya kokoto ndiyo itakayofikisha maji chini. Bila hiyo, miche ya juu itastawi na ya ubavuni itakufa kiu. Toboa matundu ubavuni na upandikize humo. Gunia hukauka upesi, kwa hiyo linataka maji kidogo kila siku, ilhali bustani ya ardhini iliyotandazwa nyasi kavu inatosheka na kumwagiliwa vizuri mara mbili au tatu kwa wiki. Siku za mgao, maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kabisa. Maji ya mtaro wa majitaka usiyatumie hata siku moja, wala usipande ukingoni mwa barabara kuu au mahali palipokuwa gereji. Sukuma hula na kubeba kilichomo kwenye udongo, nawe utakila.

Wadudu. Ukiwa na muda wa jambo moja tu, geuza majani uangalie chini yake. Kiangazi cha Januari na Februari, na kile kipindi kikavu cha kuelekea Septemba, ndicho wakati wa vidukari, wale wadogo wa kijivu walio kama wamepakwa unga, wanaojazana kitovuni hadi majani machanga yakajikunja. Wakiwa wachache wafute kwa kidole. Wakizidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, unyunyizie jioni upande wa chini wa majani, na asubuhi usuuze kwa maji safi. Sabuni ya unga ya kufulia inaunguza jani. Lakini kabla ya kunyunyiza chochote, tazama kwa makini. Ukiona katikati ya vidukari kuna vingine vilivyovimba, vikawa rangi ya kahawia na havisogei, hivyo vimeshatagiwa mayai na nyigu mdogo sana, na kila kimoja kitatoa nyigu mwingine. Siku kumi nyingine za subira hapo zinafanya kazi kuliko chupa ya dawa.

Hata yule kiwavi mdogo wa kijani anayetoboa majani na kuning'inia kwa uzi ukimgusa ana adui yake. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilicho Kasarani, walileta nyigu aitwaye Diadegma semiclausum kutoka Taiwan na kumwachilia katika mashamba ya Kenya mwaka 2002 kwa ajili ya kiwavi huyo. Anayepulizia dawa kali kila wiki anawaua nyigu hao pia, halafu hana budi kuendelea kupulizia. Tena kwenye bustani unayochuma leo na kula leo, sioni mahali pa dawa ambayo lebo yake inataka ungoje siku saba au kumi na nne.

Yule mama wa Kayole nilimwomba jambo gumu: asichume kabisa kwa wiki tano. Alinitazama kana kwamba nimemwambia afunge jiko. Tulikubaliana ang'oe magugu, atandaze nyasi, amwagilie, na basi. Nilirudi mwishoni mwa Septemba nikakuta kila mche una majani saba au manane, yenye ule weusi wa kijani unaoonyesha afya, na chini, kwenye yale mashina marefu matupu, machipukizi yalikuwa yametokea kwenye makovu ya zamani.

Machipukizi hayo ni miche ya bure. Tulichagua yale yenye urefu wa kidole cha kati, yaliyotoka kwenye mimea isiyo na doa, tukayang'oa kwa kuyasukuma chini pamoja na kipande kidogo cha ganda, tukapunguza majani hadi mawili ili yasipoteze maji. Tuliyachomeka kwenye trei kivulini, kumi na sita. Baada ya wiki tatu alinitumia picha ya moja lililotoa jani jipya la katikati, ishara kwamba mizizi imeshika, akauliza kama anaweza kuyahamishia ardhini kabla ya mvua ya vuli. Nilimjibu ayahamishe wiki hiyohiyo, jioni.