Meru Unaamka? Maneno ya Vijiweni Kila Ardhi Inapotikisika

Julai 2007 tulikimbilia nje mara nyingi hapa Arusha. Tarehe 17 likaja tetemeko kubwa, la ukubwa wa 5.9, likasikika mpaka Nairobi. Vijiweni hukumu ilikuwa imeshatoka: Mlima Meru, volkano yetu, unaamka! Maneno yale bado nayasikia kila vikombe vinapogongana kabatini.

"Tetemeko karibu na volkano maana yake mlipuko uko njiani." Yale ya 2007 hayakuhusu Meru hata kidogo. Yalianzia upande wa mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza kwenye ufa chini ya ardhi, ikautanua, na miamba ikakatika. Pale Gelai haikufika juu. Lakini jirani yake, Ol Doinyo Lengai, ulilipuka kwa kishindo mwanzoni mwa Septemba, na tangu hapo nani angewabishia wazee wa kijiweni?

Basi tuwapeleke Pozzuoli, mji wa Italia uliojengwa ndani ya kaldera (shimo kubwa linalobaki volkano ikibomokea ndani) iitwayo Campi Flegrei. Kati ya 1982 na 1984 ardhi yake iliinuka kama mita 1.8, bandari ikapungua kina, matetemeko yakawa mengi, na watu wapatao 40,000 wakahamishwa. Mlipuko? Haukutokea. Wa mwisho pale ni wa mwaka 1538. Tangu 2005 ardhi inapanda tena, na Machi 2025 lilipiga la 4.6. Kuna nguzo za kale za soko la Warumi zilizotobolewa na kome wa baharini, na matundu hayo leo yako mita kadhaa juu ya maji. Ardhi ile imeshuka na kupanda kwa karne nyingi, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Chini ya kaldera kuna ziwa la moto linalochemka." Hiyo ni ya sinema. Fikiria makande yaliyokaukia: punje zimeshikana, mchuzi kidogo katikati. Sehemu kubwa ya magma hukaa hivyo. Mchuzi ukiongezeka, au gesi na maji moto yakisukuma kutoka chini, mwamba wa juu unavimba na kupasuka. Mpasuko huo ndio tetemeko.

"Madogo mengi yanapunguza nguvu ya kubwa." Hesabu inakataa. Kila ukubwa ukipanda kwa namba moja, nishati huongezeka kama mara 32, kwa hiyo tetemeko moja la 6 ni sawa na zaidi ya 30,000 ya ukubwa wa 3.

Ngorongoro? Ni kaldera kweli, ingawa tumezoea kuiita kreta. Mlima wake ulibomoka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, wacheni simba walale. Meru ndio umesinzia tu: ulionyesha uhai mara ya mwisho mwaka 1910. Wataalamu hawaukadirii mlima wa namna hiyo kwa mtikisiko mmoja. Huangalia kama matetemeko yanapanda kuelekea juu, kama ardhi inavimba, na kama gesi zimebadilika, vyote kwa pamoja.

Na kule Pozzuoli, kilichowatoa watu majumbani ni kuta zilizopasuka. Mimi 2007 nilikuwa nautazama mlima, kumbe ukuta wa ua nyuma yangu ulikuwa umeshalala chini.