Kabla ya Kumtimua Kocha, Uliza Mechi Ilichezwa Wapi

Januari 2022 Simba ilidondosha pointi nane ndani ya siku kumi. Tarehe 17 ililala 1-0 kwa Mbeya City pale Sokoine, tarehe 22 ikatoka 0-0 na Mtibwa Sugar kule Manungu, na tarehe 26 Kagera Sugar ikaichapa 1-0 kwenye Kaitaba, Bukoba. Vijiweni hukumu ilikuwa moja tu: kocha Pablo Franco hana mbinu, apewe tiketi yake. Mwisho wa Mei akaondoka kweli.

Kazi yangu ni kuwachambua wapinzani kwa niaba ya benchi la ufundi, na nikiitazama ile ratiba sioni timu tatu. Naona viwanja vitatu visivyofanana hata kidogo.

Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mchezaji aliyezoea joto la Dar anaanza kuhema mapema, na mpira mrefu unakwenda mbali kuliko alivyoukadiria, kwa hiyo beki anayeruka kupiga kichwa unamkuta mpira umeshampita. Manungu ni uwanja wa nyasi za kawaida katikati ya mashamba ya miwa, Turiani. Mvua ikinyesha huko, pasi fupi ya chini inafia njiani. Kaitaba ni nyasi bandia: mpira unadunda juu, unateleza kwa kasi, na wachezaji wanabadilisha hadi viatu, wanavaa vya meno mafupi. Ukifundisha timu kuupiga mwingi kwa pasi za chini, ndani ya siku kumi umetakiwa kuubadilisha mchezo wako mara tatu, na katikati kuna safari ndefu na mazoezi machache mno.

Shabiki wa Yanga ataniambia wao msimu ule walitwaa ubingwa bila kupoteza hata mechi moja. Ni kweli, na sifa zao ni halali. Lakini ratiba haikuwapa viwanja hivyo vitatu mfululizo.

Kuna jambo lingine ambalo kwenye televisheni halionekani vizuri, nalo ni ukubwa wa uwanja. Sheria za soka zinaruhusu upana wa kuanzia mita 45 hadi 90, ingawa kipimo kinachopendelewa kwenye mashindano makubwa ni mita 105 kwa 68. Piga hesabu: hizo ni mita za mraba 7,140. Uwanja wa 100 kwa 64, ambao nao ni halali kabisa, una 6,400. Ukiwatoa makipa, wanabaki wachezaji 20 wa kugawana eneo hilo, na kila mmoja anapungukiwa mita za mraba 37. Winga mwenye kasi anakabwa kabla hajageuka. Timu inayopaki basi, yaani inayojaza wachezaji nyuma kuzuia, inapaki bila jasho. Mpira wa kurusha unafika golini kama kona. Kocha wa timu ndogo anayeyajua haya hahitaji mshambuliaji wa bei mbaya, anahitaji mtu mmoja mwenye mikono mirefu na mabeki wasioogopa kugongana.

Ndiyo maana sikushangaa sana na yaliyotokea Highland Estate, Mbarali. Novemba 2022 Yanga ilifika pale ikiwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa, chini ya Nasreddine Nabi. Ihefu, timu ya pale, ikaishinda 2-1. Oktoba 2023 Yanga ikarudi na kocha mpya, Miguel Gamondi, na ikafungwa tena 2-1. Makocha wawili tofauti, uwanja uleule, matokeo yaleyale, na misimu yote miwili bingwa alikuwa Yanga. Sasa hapo utamlaumu nani?

Kilichofuata ndicho kinachonikera. Ihefu ikahamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Kabla yake mji huohuo ulikuwa na Singida Big Stars, iliyozaliwa kutoka DTB, timu iliyopanda daraja mwaka 2022, ikaja kuitwa Singida Fountain Gate, halafu Fountain Gate ikahamia Babati. Uwanja wa Liti umebaki palepale, zinazopishana ni timu. Sipingi fedha za wawekezaji, ligi inazihitaji. Ila klabu inayobadili jina na mkoa inawaacha watu wa Mbarali na jezi za timu isiyokuwepo, na kila ikihama kocha anaanza upya kujifunza nyasi.

Azam ilifanya kinyume chake. Ilianzishwa 2004, ikapanda ligi kuu 2008, na fedha za mfanyabiashara Bakhresa zikajenga uwanja wake Chamazi. Msimu wa 2013/14 ilianza na Stewart Hall, ikamaliza na Joseph Omog, na ikawa bingwa bila kufungwa. Ilibadilisha kocha katikati ya safari na haikuyumba. Mechi za Simba na Yanga wakati huo zilichezwa Taifa (sasa Mkapa), kwa hiyo siwezi kusema Chamazi ndiyo iliyowapa kombe. Ninachosema ni kwamba walifanya mazoezi kwao, kwenye uwanja wanaoutunza wenyewe, wakati klabu nyingi za mikoani ni wapangaji kwenye viwanja vya CCM na hazina usemi hata nyasi zikatwe lini. Tangu Mtibwa ibebe ubingwa wa 1999 na 2000, nje ya Simba na Yanga ni Azam peke yake iliyofanikiwa.

Wakubwa nao hawajapona. Mei 2025 Simba ilifungwa 2-0 kule Berkane katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na marudiano yakaondolewa kwa Mkapa, Temeke, kwa sababu ya hali ya uwanja, yakapelekwa Amaan, Zanzibar. Yakaisha 1-1. Wapo waliomnyooshea kidole kocha Fadlu Davids siku ileile. Mimi nilikuwa nawaza viti 60,000 vya Temeke vilivyokaa vitupu siku ambayo Simba ilihitaji mabao mawili ili kurudi mchezoni.